Riwaya si Mali ya Wageni Peke Yao

Leo tunataka kugombana kidogo. Hatugombani na mtu mmoja, wala hatutamtaja mtu kwa jina. Tunagombana na maneno matatu tuliyoyasikia mara nyingi: barazani, shuleni, hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa. Maneno hayo yanavunja moyo wa vijana wetu wanaopenda kuandika, na sisi tumechoka kuyasikia bila kuyajibu.

Kisa chenyewe ni hiki. Dominika moja kijana wa parokia yetu alileta daftari. Alikuwa ameandika kurasa 42 kwa mkono, usiku, baada ya kazi. Alitaka kuandika kitu ambacho Wafransa wanakiita roman, na ndugu zetu wa pwani wanakiita riwaya: hadithi ndefu ya kubuni, yenye watu, na nyumba zao, na siku zao, na mawazo yao ya moyoni. Hakuna mtu aliyemfundisha kazi hiyo. Alikuwa amesoma riwaya nne ao tano za Kifaransa shuleni, basi.

Akampa mwalimu mmoja daftari lake. Mwalimu akasoma ukurasa wa kwanza na wa pili, akacheka, akasema mbele ya watu wote: «Hii si roman. Hii ni hadithi ya bibi yako, umeivika suruali tu.» Watu wakacheka. Mzee mmoja akaongeza: «Mwanangu, watu hawa umewatoa wapi? Hawakuzaliwa, hawakufa. Basi unaandika uongo.» Mtu wa tatu, mwenye masomo mengi, alisema kwa upole, lakini upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko: «Ndugu, kazi hii si yetu. Tuwaachie Wazungu.»

Kijana alikunja daftari, akalitia ndani ya shati, akaenda zake. Tangu siku ile hajaandika neno.

Sisi tuliposikia jambo hilo tulimfuata nyumbani kwao, tukamwomba atuonyeshe daftari. Akakataa. Tukarudi siku ya pili. Mama yake akatusaidia kumwomba, akalitoa. Tukasoma kurasa zote. Tuseme kweli: mwanzo wake si mzuri. Anaanza na «Hapo zamani za kale», kumbe kisa chake ni cha siku hizi, na watu wake wanapigiana simu. Kila sura inakwisha kwa mahubiri. Mtu mbaya ni mbaya tangu alfajiri mpaka usiku, na mtu mwema hana hata kosa moja. Mwalimu hakukosea alipoyaona makosa hayo. Kosa lake ni kufunga daftari kwenye ukurasa wa 2.

Kama angefika ukurasa wa 9, angesoma haya. Kijana mmoja aliyekwenda Kolwezi kuchimba mawe ya kobalti anarudi kijijini kumwona mama yake. Kwa simu alikuwa amemdanganya mama kwamba yeye ni karani, anakaa ofisini. Sasa, kabla ya kubisha hodi, anashuka kijitoni, anavua viatu, anavisugua kwa mchanga na majani mpaka tope la shimoni limekwisha. Ndipo anakwenda kubisha. Mama anamkaribisha kwa furaha. Anamtazama miguuni, anaona viatu vimelowa, na mvua haijanyesha miezi mitatu. Hasemi neno. Anamletea maji ya kunawa.

Wasomaji wapendwa, jambo hilo halimo katika hadithi ya bibi yeyote. Wala halikutoka katika kitabu cha Kifaransa. Kijana huyu alilitafuta peke yake, akalipata. Na sisi tulimcheka.

Sasa tuyajibu yale maneno matatu, moja moja.

Neno la kwanza: «Kazi hii si yetu.» Tunauliza: je, lini kitu kigeni kilikuwa chetu siku ya kwanza? Padri Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, huko Baudouinville, pahali tunapopaita Moba leo, nani katika Kongo hii alikuwa amezoea kuona padri mzaliwa wa nchi? Na kabla ya hapo, mwaka 1910 na 1911, alikuwa amekwisha kuandika kwa Kifaransa juu ya akili na mawazo ya Wabantu, na maandiko yake yakachapishwa. Hakungoja mtu mwingine azoee kwanza.

Hata huko Ulaya riwaya ilikuwa mgeni wakati fulani. Cervantes, Mhispania, alipotoa sehemu ya kwanza ya Don Quijote mwaka 1605, alikuwa akivicheka vitabu vya mashujaa wa farasi vilivyopendwa wakati ule. Alikuwa anajaribu kitu ambacho watu hawakukizoea. Basi kama ugeni wa kazi ni sababu ya kuiacha, hata Wazungu wasingekuwa na riwaya.

Tutazame Afrika yetu. Thomas Mofolo, Msotho, alikuwa akifanya kazi kwa wamisionari Waprotestanti wa Morija. Lugha yake ya Kisotho haikuwa na riwaya. Akaandika kisa cha kijana anayekwenda kumtafuta Mungu upande wa mashariki. Kikatoka kidogo kidogo katika gazeti la misioni, kisha kikawa kitabu mwaka 1907. Baadaye aliandika Chaka, kitabu kilichosifiwa duniani kote. Lakini wamisionari wake waliogopa kwamba mambo ya kipagani yaliyomo yatawadhuru Wakristu, na kitabu kikakaa miaka kama 15 bila kuchapwa, mpaka mwaka 1925. Mofolo hakutoa riwaya nyingine mpya baada ya hiyo. Tunalisema jambo hilo bila kuwadharau wale wamisionari, maana ni wao pia waliomfungulia mlango. Lakini tunawakumbusha wenye madaraka: mlango ukifunguliwa nusu, mtu anaweza kukwama katikati.

Na hapa kwetu Kongo, Paul Lomami Tshibamba aliandika Ngando, akapata tuzo huko Brussels mwaka 1948. Ngando maana yake ni mamba. Ni kisa cha mtoto wa mjini aliyechukuliwa na mamba mtoni. Tazameni alivyofanya: alichukua imani za wazee juu ya mto na mamba, akaziweka katika mji wa kazi na mshahara. Hakuutupa urithi wa bibi. Aliuhamisha nyumba.

Lakini mfano unaotugusa sisi Wakatoliki zaidi ni wa mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, nchi ya Tanzania. Alizaliwa mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya kwa Mapadri Weupe, wale wale walioleta dini katika nchi zetu za Tanganyika na Kivu. Hakuwa padri; akawa katekista. Mtu huyo aliandika kwa lugha yake ya Kikerewe riwaya ndefu sana juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wawili wanaopendana lakini hawapati mtoto. Wazazi wa mke wanamrudisha binti yao nyumbani; mume anatafuta njia ya kumpata tena. Ndani yake mna kilimo, na uvuvi, na pombe ya ndizi, na dawa, na ndoa, na kilio. Aliimaliza mwaka 1945.

Nani aliichapa? Hakuna. Wachapaji waliona kwamba watu wanaosoma Kikerewe ni wachache mno. Mzee akaanza tena, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno. Riwaya ikatoka mwaka 1980, katika vitabu viwili. Miaka 35 baada ya kuimaliza! Mwaka 1981 akafariki. Leo inasomwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, na wataalamu wanaisifu. Tunajiuliza: katika miaka ile 35, wangapi walimwambia yule katekista kwamba kazi hii si yetu?

Neno la pili: «Ni uongo.» Mzee wetu aliyesema hivi ni mtu mwema, nasi tunamheshimu. Lakini tunamwomba afikiri nasi. Uongo ni kusema jambo lisilo kweli ili mwenzako alisadiki na kupotea. Mwenye kuandika riwaya hamdanganyi mtu. Tangu jalada la kitabu anatwambia: haya nimeyabuni. Sisi tunaingia kwa hiari yetu, tukijua.

Yezu Kristu mwenyewe, alipotaka kufundisha juu ya msamaha, alisimulia juu ya baba mwenye wana wawili. Je, kuna mtu aliyesimama kumwuliza: «Bwana, baba huyo anakaa kijiji gani? Jina lake nani?» Alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa sheria, alisimulia juu ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, na Msamaria aliyemhurumia. Wasikilizaji hawakwenda kutafuta nyumba ya wageni ili wathibitishe bei aliyolipa. Walielewa kwamba kisa cha kubuni kinaweza kubeba ukweli mzito kuliko habari ya gazeti.

Tunajua kwamba kuna riwaya chafu, zinazouza dhambi kwa rangi nzuri. Ni kweli. Lakini kuna na mahubiri mabaya, na hatukufunga makanisa. Chakula kibaya kinashindwa na chakula chema, hakishindwi na njaa. Kijana asiyepata riwaya njema katika lugha yake hataacha kupenda visa. Atatafuta vingine, katika simu yake, usiku, peke yake.

Neno la tatu, la mwalimu: «Hii si roman.» Hapa tunakubali nusu, kwani shida ipo kweli. Wanaosema kwamba mtu anayejua kusimulia penye moto anajua tayari kuandika riwaya, wanamdanganya kijana vilevile. Kazi hizi mbili ni ndugu, lakini si pacha. Seremala hodari wa vitanda anaweza kushindwa siku ya kwanza anapotengeneza mtumbwi. Mbao ni zile zile, misumari ni ile ile, lakini sasa kazi yake inapimwa na maji.

Bibi anaposimulia, ana sauti, ana mikono, ana macho. Akitaka fisi aogopeshe, ananguruma. Wasikilizaji wanamwitikia, wanaimba naye, wakichoka anawaona na kufupisha. Mwandishi hana kitu hicho. Msomaji yuko peke yake, mbali, na akichoka anafunga kitabu bila kuaga. Tena, bibi akisema «sungura», sisi sote tunajua kwamba sungura ni mjanja. Hana haja ya kueleza. Lakini mwandishi akisema «kijana mmoja wa Kolwezi», hakuna anayemjua. Lazima atuonyeshe, kidogo kidogo, kwa matendo. Tena hadithi ya bibi haina saa wala tarehe. Riwaya inauliza: ilikuwa asubuhi ao jioni? Walikuwa wamekula? Nani alilipa nauli? Na mwisho, bibi anamaliza kwa fundisho, nasi tunakwenda kulala. Riwaya inaweza kumwacha mtu na swali, akalala nalo siku tatu.

Basi mtu aliyekulia katika kazi ya kwanza, akiingia katika ya pili, lazima ajikwae. Mofolo na Kitereza hawakuwa na mwalimu wa riwaya katika lugha zao. Kwa nini kijana wetu atembee bila kutambaa? Mwalimu aliyemcheka, je, siku ya kwanza alipofundisha hesabu, hakutetemeka na chaki mkononi?

Tukiisha kuwajibu wenye kucheka, tuwageukie sasa vijana wenyewe. Hatutaki kuwabembeleza tu. Nanyi mna makosa yenu.

Kosa la kwanza ni kuiga mpaka kujipoteza. Tumesoma kisa kimoja cha Lubumbashi ambamo askari wa upelelezi amevaa koti zito na kuinua ukosi kwa baridi. Mwezi wa kumi! Mwandishi alikwisha kusahau kwamba mwezi ule mbwa wa Lubumbashi wanalala kivulini na ulimi nje. Alinakili hali ya hewa pamoja na kisa. Tazameni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Alipenda visa vya Sherlock Holmes vya Mwingereza Conan Doyle, visa vya kupeleleza mauaji, namna ambayo Kiswahili hakikuizoea. Akashika kalamu, akamfanya Bwana Msa, mtu mwenye kiko na akili kali, na rafiki yake Najum wa kushangaa pamoja nasi. Lakini aliwaweka Unguja, kati ya mashamba ya Unguja na imani za mizimu za watu wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya kuandika hadithi, ukachapwa mwaka 1960. Mifupa aliazima; nyama na damu vilikuwa vya kwao. Hivyo ndivyo mgeni anavyopokewa. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Kosa la pili ni kuhubiri. Ninyi mmelelewa na katekisimu, nasi vilevile, na tunashukuru. Lakini mahubiri yana pahali pake, na padri anayafanya vizuri kuliko ninyi. Katika daftari la kijana wetu, baada ya kile kisa cha viatu, kuna kurasa mbili nzima za kutueleza kwamba kumdanganya mama ni vibaya. Hatukuzihitaji. Tulikwisha kulia kwa ajili ya maji ya kunawa. Ukimwamini msomaji wako, fundisho analipata mwenyewe, na analolipata mwenyewe halitupi.

Kosa la tatu ni la lugha. Wengine wanaandika Kiswahili cha vitabu hata katika vinywa vya wachimbaji na mama wa sokoni, mpaka wote wanasema kama makarani wa serikali. Wengine, kwa kuogopa makosa ya Kiswahili, wanakimbilia Kifaransa. Kiswahili ni lugha mojawapo kati ya lugha nne za taifa katika Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Lakini riwaya za Kongo zinazojulikana, nyingi mno ni za Kifaransa. Shauri letu ni hili: msimulizi aandike Kiswahili safi, kinachosomeka Bukavu na Kalemie na hata ng'ambo ya ziwa, lakini watu wake waseme kama wanavyosema kwao. Mama wa Kolwezi akisema «mi minajua», mwacheni aseme hivyo. Tutamsikia.

Na haya yote si mchezo wa watu wenye masomo. Kuna mambo ya maisha yetu ambayo ripoti haiwezi kuyaandika. Ripoti itahesabu mashimo, na magunia, na bei ya mawe. Haitaandika habari ya viatu vilivyolowa wakati wa kiangazi. Habari hiyo ikikosa mwandishi, itapotea pamoja na yule mama siku atakapozikwa, na wajukuu wetu watajua bei ya kobalti bila kujua nyumba zetu zilinyamaza namna gani. Hilo ndilo linalotugombanisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, madogo. Walimu, someni daftari mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa. Kisha onyesheni kosa moja ao mawili, faraghani, si mbele ya watu. Wazazi, msihesabu kwamba mtoto anayeandika usiku anapoteza mafuta ya taa bure. Na parokia zenye maktaba, hata kama ni kabati moja, wekeni ndani yake riwaya za Kiswahili, na ya mzee Kitereza kwanza, ili vijana waone kwamba njia hii ilikwisha kupitwa na mtu wa kanisa lao, mwenye lugha ndogo na subira kubwa.

Kuhusu kijana wetu, tulimrudishia daftari juma lililopita. Tulimwambia: «Mwana, futa "Hapo zamani za kale". Futa na zile kurasa mbili za mahubiri. Anza kitabu chako pale kijitoni, na viatu mkononi.» Akatutazama, akauliza: «Baba, na yule mama, baadaye anamwambia kwamba alijua?» Tukamjibu kwamba sisi hatujui, ni yeye atakayetwambia.

Hakusema kama ataandika. Lakini alilipokea daftari kwa mikono miwili.